Watano Kwenye Ratiba, Sita Kwenye Biblia: Uchambuzi wa Kisa cha Wasifu wa Mama Mkunga

Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mkoani Kilimanjaro, na kabla ya kustaafu nilifundisha shule ya msingi kwa miaka 34. Kwa sababu hizo mbili, msiba ukitokea mtaani kwetu, kazi ya kuandaa wasifu wa marehemu hunifikia mimi. Nimeandaa nyingi. Huu mmoja ndio ulionifundisha kazi yenyewe, tena nikiwa nimechelewa.

Nakiandika kisa hiki kwa ajili ya makatibu wa jumuiya, wazee wa kanisa na watoto wa marehemu ambao hupewa kalamu usiku wa msiba na kuambiwa waandike maisha ya mama mzima kabla stesheneri haijafungwa. Familia imeridhia. Nimeondoa majina yote na jina la usharika, na baadhi ya miaka nimeisogeza.

Usuli

Marehemu nitamwita Mama Mkunga, kwa kuwa nusu ya kata yetu ilipita mikononi mwake. Alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Alibatizwa angali mchanga, akasoma mpaka darasa la nane katika shule ya kati ya misheni, kisha akaingia chuo cha uuguzi cha hospitali ya misheni. Alihitimu mwaka 1972. Ukipiga hesabu ya miaka ya masomo utaona pengo la karibu miaka miwili ambalo halielezwi popote katika makaratasi yake. Pengo hilo ndilo chanzo cha kisa hiki.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa zahanati ya serikali huko tambarare. Alifika wakati kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 inapamba moto. Wanakijiji walikuwa wakikusanyika kwa vikundi kuzunguka redio, wakisikiliza kipindi, wakijadili, kisha wakienda kutenda walichojifunza: kuchimba choo, kufyeka nyasi zilizoficha mbu, kuchemsha maji. Binti wa miaka ishirini na kitu alipewa vikundi vya wanaume waliomzidi umri mara mbili. Mwaka 1975 aliolewa na mwalimu, wakajaliwa watoto watano. Baadaye alihamishiwa kituo cha afya cha huku mlimani, akakitumikia hadi alipostaafu mwaka 2009 akiwa na miaka 60. Mumewe alikuwa ametangulia tangu 1994.

Kanisani alikuwa mzee wa kanisa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, akaongoza Idara ya Wanawake vipindi viwili, akaimba sauti ya pili katika kwaya ya akina mama mpaka kifua kilipomkatalia. Alikuwa pia mweka hazina wa VICOBA ya mtaa, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, na hakuna aliyewahi kudai kuwa shilingi yake ilipotea.

Kwa msomaji asiye Mlutheri, nieleze jambo moja. Katika sharika nyingi za kwetu, binti aliyepata mimba nje ya ndoa aliwekwa chini ya nidhamu ya kanisa. Hakushiriki Chakula cha Bwana mpaka siku aliposimama mbele ya washarika, akatubu, akarudishwa kundini. Muda huo wote alikuja ibadani na kukaa nyuma. Kanuni ilimhusu mwanamume pia, lakini mwanamume hana tumbo la kuonekana, na mara nyingi hakuitwa.

Siku nne za msiba

Alifariki Jumapili usiku. Jumatatu asubuhi kamati ya mazishi ilikaa chini ya uenyekiti wa baba mdogo wa familia, yaani mdogo wake marehemu mume. Kazi ziligawanywa kama kawaida: jeneza na usafiri, turubai na viti, chakula, daftari la rambirambi. Ratiba na wasifu nikapewa mimi. Maziko yalipangwa Alhamisi, kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la ukoo.

Nilimpigia simu binti mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, nikamwomba maelezo. Aliyatuma kwa WhatsApp Jumanne saa tano usiku akiwa njiani kupanda. Ulikuwa ukurasa mmoja na nusu: kuzaliwa, kubatizwa, shule, vituo vya kazi, ndoa, ugonjwa. Nilirudi kuhesabu baadaye nikiwa na moyo mzito. Ugonjwa wa miezi minane ulipewa mistari tisa, na kazi ya miaka 37 ilipewa mitatu. Mwishoni pakaandikwa kwamba ameacha watoto watano, wajukuu 14 na vitukuu watatu, kisha maneno ya Mithali 31 kuhusu mke mwema, ambayo kwetu husomwa kwa karibu kila mama anayezikwa.

Nilisahihisha herufi, nikapanga aya, na Jumatano mchana nikapeleka stesheneri. Zikachapwa nakala 400.

Hapo niseme wazi: nilijua. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi mwaka 1968, na niliwasikia wakubwa wakinong'ona jikoni kuhusu binti wa chuo cha uuguzi aliyerudishwa nyumbani. Nilijua pia kwamba fundi magari mmoja wa mtaa wa pili, aliyelelewa na bibi na kumwita Mama Mkunga "dada", hakuwa mdogo wake. Jicho langu lilisimama kwenye neno "watano". Nikapita.

Alhamisi, mjukuu wa chuo kikuu alisoma wasifu kwa sauti nzuri. Alipofika kwenye watoto akawataja mmoja mmoja. Fundi alikuwa amekaa turubai la majirani, mstari wa mwisho. Aliinuka taratibu, akaenda kusimama nyuma ya migomba, na hakurudi mpaka wimbo ulipoanza. Kaburini tuliita kwa utaratibu: wanaukoo, watoto, wajukuu, kanisa, kituo cha afya, VICOBA. Yeye aliweka udongo mwishoni kabisa, pamoja na majirani.

Jambo jingine nililiona bila kulitilia maanani. Wakati wa salamu za rambirambi, mama mmoja wa makamo aliomba kusema neno. Mratibu alimwambia muda umekwisha, jua linazama. Mama yule akarudi kukaa, na wanawake watatu au wanne waliomzunguka wakamshika mabega.

Jioni ile

Mama yule aliyenyimwa nafasi ya kusema alinifuata nyumbani kabla sijavua koti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

Hakukaa. Alisema, "Mzee, leo mmemzika nesi. Yule aliyekaa na mimi benchi la nyuma hamkumtaja hata kwa bahati mbaya."

Nikamwomba aketi, anieleze. Mwaka 1989, akiwa na miaka 17, alipata mimba na kuitwa mbele ya baraza la wazee. Jumapili iliyofuata alikaa benchi la nyuma, peke yake, akitamani ardhi ipasuke. Mama Mkunga aliingia, akaviacha viti vya wazee mbele, akaja kuketi karibu naye. Jumapili iliyofuata akafanya hivyo tena, na tena, mpaka siku binti aliporudishwa kundini. Washarika walipokwenda kwenye Meza ya Bwana, Mama Mkunga hakwenda. Alibaki ameketi naye. Hakumhubiria wala kumwuliza baba wa mtoto ni nani. Siku ya kujifungua ilipofika alimzalisha yeye mwenyewe, na alipomaliza alimwambia kwa sauti ya chini, "Na mimi nilikaa pale."

Hayo tu. Hakuongeza neno siku ile wala baadaye.

Tukaanza kuhesabu kwa vidole wasichana wengine aliowajua waliokaliwa hivyo. Tulipita kumi.

Nilikuwa nimeketi na Mama Mkunga katika baraza la wazee miaka mingi. Nilimwona kwenye benchi la nyuma mara nyingi, na siku zote nilidhani anakaa karibu na mlango ili aitwe upesi mama anapoumwa uchungu. Nilikumbuka pia kwamba katika kila shauri la binti, baada ya sote kumaliza kusema, yeye aliuliza swali lilelile: "Na baba wa mtoto yuko mtaa gani?" Tulikuwa tukiliona ni swali la kuchelewesha kikao.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutosema chochote hadharani kabla ya fundi kusema. Mama yule na wenzake walitaka Jumapili ile ile litolewe tangazo kanisani. Niliwaomba wasubiri. Siri haikuwa yangu, wala si yao. Aliyeibeba miaka yote alikuwa hai, na lilikuwa jambo baya kumfanya asikie habari zake kwenye kipaza sauti kwa mara ya pili.

Jumamosi nilikwenda gereji kwake. Aliosha mikono kwa mafuta ya taa, akanipa kigoda. Nilimwambia kwamba nilijua, na nilipita. Nilimwomba radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mzee, mimi sina neno na kihamba chao. Nilitaka siku ile niweke udongo pamoja na wenzangu, basi." Akaendelea kufuta spana. Baadaye akasema, "Mkitaka kujua yeye mwenyewe alinihesabu vipi, fungueni Biblia yake. Alinionyesha mwaka aliostaafu."

Biblia ile ilikuwa imelazwa juu ya jeneza siku ya maziko, pamoja na kofia yake nyeupe ya uuguzi. Mamia ya watu walipita mbele yake.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuifungua mbele ya binti mkubwa kabla ya kwenda kwenye kikao cha ukoo. Mchungaji alishauri hivyo, na alikuwa sahihi, maana binti angefumaniwa mbele ya wajomba na baba wadogo asingesikia kitu. Mchungaji wetu ni mwanamke, matunda ya uamuzi wa KKKT wa mwaka 1990 wa kuruhusu wanawake kubarikiwa kuwa wachungaji. Mama Mkunga alikuwa akimwambia kila mara kwamba yeye ni jibu la maombi ya watu waliokwisha kuzikwa. Tulikaa sebuleni watatu. Ndani ya jalada, kwa wino wa bluu uliofifia, palikuwa na mistari sita: jina, tarehe, uzito wakati wa kuzaliwa. Mstari wa kwanza ni wa mwaka 1968. Mbele ya kila jina, bila kubagua, aliandika maneno mawili: "Zawadi. Mzima."

Binti alifunga kitabu, akatoka nje. Alikuwa amelijua hilo tangu kidato cha tatu. Alikuwa amemwahidi baba yake kulinyamazia, na ahadi kwa mzazi aliyekufa si jambo la kulidharau. Alikuwa mtu mwenye ahadi mbili zinazovutana, na namna nilivyomfikiria tangu Alhamisi haikuwa ya haki.

Kikao cha ukoo kilikuwa kigumu kwa sababu nyingine kabisa. Baba mdogo hakuogopa aibu. Aliogopa kihamba. Mtoto asiye wa damu ya ndugu yake akitajwa kanisani na kuandikwa kwenye karatasi, kesho atadai mstari wa migomba. Mazungumzo yalichukua jioni mbili. Mwishowe waliandika muhtasari: fundi anatambuliwa kuwa mtoto wa kwanza wa marehemu katika wasifu na katika shughuli zote za familia, na utambuzi huo haugusi ardhi ya ukoo wa mume. Fundi alitia saini. Alitia saini haraka kuliko nilivyopenda.

Uamuzi wa tatu ulihusu namna ya kukusanya kumbukumbu kwa ajili ya ibada ya shukrani, iliyopangwa wiki ya sita. Mchungaji alitukumbusha habari za Tabitha katika Matendo ya Mitume sura ya 9. Petro alipofika Yafa, wajane hawakumweleza kwamba marehemu alikuwa mwema. Walimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Kwa hiyo tangazo letu halikusema "njooni na shuhuda". Lilisema: aliye na kitu alichopewa na Mama Mkunga, au kitu kinachomkumbusha jambo alilomtendea, akilete.

Uamuzi wa nne ulikuwa wa kulinda wagonjwa. Kabatini kwake tulikuta kaunta buku nne alizoandika kila mama aliyemzalisha, pamoja na mambo ambayo mkunga huyajua na mume hayajui. Mjukuu mmoja alitaka tuhesabu majina yote na kusoma jumla. Tulikataa hata kuzisoma. Nesi mwenzake wa zamani, aliyefanya naye kazi miaka 18, ndiye aliyekabidhiwa, na familia ikakubali zichomwe mbele yake. Najua mtu wa historia ataumia. Lakini wanawake wale walimwambia yeye, hawakutuambia sisi. Vivyo hivyo tuliweka sharti kwamba hakuna atakayesimulia ugonjwa wa mtu mwingine, awe hai au amekufa, isipokuwa mwenyewe au mjane wake.

Ibada ya shukrani

Nilitegemea vitu kumi. Meza ya mbele haikutosha, tukaongeza mkeka.

Mama mmoja alileta nusu ya blanketi. Mtoto wake alizaliwa mwaka 1984, wakati madukani hakuna sabuni wala kitambaa. Mama Mkunga alitoa blanketi la kitandani mwake, akalikata katikati kwa mkasi wa kituo, akasema nusu inamtosha mtu mmoja. Mzee wa miaka zaidi ya 80 alisafiri kutoka tambarare na betri kuukuu ya redio mfukoni. Alikuwa katika kikundi chake cha Mtu ni Afya. Alisimulia kwamba wanaume walimcheka binti yule alipowaambia wachimbe choo, naye akashika sululu akaanza kuchimba la kwanza, la zahanati, mpaka wakaona haya wakampokea. Jirani Mwislamu alileta birika. Kila Ramadhani, kama Mama Mkunga alikuwa zamu ya usiku, alimpitishia uji wa daku mama yeyote aliyelala wodini akiuguza mgonjwa, na hakusubiri kuombwa.

Mjane mmoja alileta sahani. Mume wake alirudi kutoka mjini mwaka 1992 akiwa amedhoofika. Miaka tisa ilikuwa imepita tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini watambuliwe huko Kagera, na dawa za kufubaza makali zilikuwa bado mbali. Hospitali zetu zilianza kuzitoa kwa mpango wa taifa mwaka 2004. Ukoo ulimtengea mgonjwa kikombe, kijiko na godoro. Mama Mkunga aliingia, akaomba chakula kipakuliwe katika sahani moja, akala na mgonjwa yule mbele ya shemeji zake wote. Akamaliza, akanawa, akawaeleza kwa utulivu virusi vinapita wapi na wapi havipiti. Mjane alisimulia habari hizo mwenyewe, kwa kuchagua kwake, na akaiacha sahani juu ya meza.

Kisha wale wa benchi la nyuma. Hawakuleta kitu. Walikuja mbele wanane, wengine wakiwa na watoto wao waliokwisha kuwa watu wazima, wakaomba benchi lenyewe liletwe. Vijana wakalibeba. Wakakaa juu yake, na yule mama wa 1989 akasimulia.

Baada yao fundi alisoma sehemu ya kwanza ya wasifu mpya, ikiwemo aya hii ambayo yeye mwenyewe aliomba iandikwe bila kuzungushwa: kwamba mwaka 1968 marehemu alimzaa akiwa mwanafunzi, akarudishwa nyumbani, akawekwa chini ya nidhamu ya kanisa, akarudishwa kundini mwaka 1970, akarudi chuoni akahitimu. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alipofika "ameacha watoto sita" kanisa lote liliitikia kwa pumzi moja.

Matokeo

Siyo yote yaliyokwenda vizuri. Kitinda mimba hakuhudhuria, na mpaka ninaandika bado anaona mama yake alivuliwa nguo hadharani. Ibada ilichukua saa nne na nusu. Wazee waliondoka kabla ya baraka, na mtoto mmoja alizimia kwa njaa. Pendekezo langu kwenye baraza la wazee, kwamba binti asiitwe peke yake kabla ya kutafutwa mwanamume, limeahirishwa mara mbili kwa sababu ya ajenda za ujenzi. Nitalirudisha mara ya tatu.

Binti mkubwa, ambaye alitoka nje na Biblia mkononi siku ile, ndiye aliyepanga viti vya watoto kwenye ibada ya shukrani. Aliweka sita.

Uchambuzi

Kosa la msingi lilifanyika Jumanne usiku, na lilikuwa langu. Nilijiambia ninaheshimu familia, tena maiti hasemwi. Lakini sikumwuliza mtu yeyote swali lolote, na kutouliza kwangu hakukumlinda marehemu. Kulilinda utulivu wa kikao. Kama ningempigia binti na kusema tu, "Mwanangu, hapa kwenye idadi ya watoto, familia imekubaliana vipi?", angejua kwamba kuna mtu mzima anayebeba naye. Huenda jibu lingekuwa lilelile. Hata hivyo fundi angetembelewa kabla ya maziko, angalau akachagua mahali pa kukaa.

Kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu lingebaki hata kama idadi ingekuwa sahihi. Tulidhani tunaficha doa katika maisha mazuri. Kumbe tulilokata ndilo lililozaa yaliyobaki. Benchi la nyuma, swali lake barazani, sahani ya mgonjwa aliyetengwa, vyote vinatoka kwa mtu aliyewahi kutengwa akakumbuka ilivyokuwa. Ukiondoa mwaka 1968 unabaki na mama mwema wa Mithali 31 asiyetofautiana na mwingine yeyote, na imani yake inaonekana kama tabia aliyozaliwa nayo. Haikuwa hivyo. Aliipata mahali fulani, kwa gharama.

Tulipofaulu ni katika kuomba vitu. Nimesikia shuhuda za misibani maisha yangu yote, na nyingi ni za namna moja: alikuwa mpole, alikuwa mcheshi, alipenda watu. Mtu aliyeshika nusu ya blanketi hawezi kusema hivyo. Lazima aeleze mkasi ulitoka wapi. Kitu kinamlazimisha msimulizi kutaja mwaka, mahali na tendo, na kinampa la kushika mtu asiyezoea kusema mbele za watu. Wengi waliozungumza siku ile hawajawahi kusimama kanisani.

Subira kwa fundi nayo ilikuwa sahihi, ingawa iliwakera wanawake waliokuwa na haki ya kukereka.

Kuhusu muhtasari wa ukoo sina amani. Ulituwezesha kufanya ibada, na bila huo baba mdogo angeweka mguu chini. Lakini tulimwomba mtu alipe, kwa saini yake, ili ahesabiwe mtoto wa mama yake. Leo ningetenganisha mambo hayo mawili. Ningewaambia ukoo kwamba suala la ardhi lina mahali pake na siku yake, na nisingekubali liandikwe kwenye karatasi moja na jina lake.

Jambo la mwisho nililifahamishwa na yule nesi mwenzake, siku nne baada ya shukrani. Alikuja akiwa amekasirika, kwa adabu. Alisema, "Mzee, mmesimulia huruma yake saa nne nzima. Ujuzi wake hakuna aliyeutaja." Akanieleza. Mwaka 1987 mama mmoja alikuja kliniki akilalamika kichwa tu. Mama Mkunga aliona uso umevimba na pete imembana kidole, akampima shinikizo la damu, akajua kifafa cha mimba kinanyemelea. Hakukuwa na gari la wagonjwa. Alikwenda mwenyewe kusimamisha pikapu ya mfanyabiashara wa ndizi, akapanda nyuma na mgonjwa mpaka hospitali ya rufaa, mkono mmoja ukiwa kwenye mshipa. Mama na mtoto wote walipona. Alijua kumwelekeza mtoto aliyetanguliza matako. Alijua la kufanya kondo la nyuma likikwama. Aliwafundisha wakunga wa jadi wa vitongoji vitatu kutambua damu iliyozidi kiasi na kutuma mtu mapema, badala ya kuwagombeza kama wengine walivyofanya.

Nilirudi kwenye wasifu wetu mpya, ule wa kurasa saba tuliojivunia. Neno "huruma" lilikuwamo mara kumi na moja. Neno "ujuzi" halikuwamo. Nimejiuliza kama mume wake, mwalimu kama mimi, tulimzika vivyo hivyo mwaka 1994. Wasifu wake bado upo kwenye faili la usharika, nikaenda kuutazama. Tulitaja masomo aliyofundisha, ufaulu wa darasa lake la saba, na kozi alizohudhuria. Mwanamume alikumbukwa kwa kazi yake. Mwanamke aliyejua kazi kwa kiwango kile alikumbukwa kwa moyo wake, hata na watu wanaodai uhai wao kwa mikono yake. Sisi tulioandika hatukukusudia kumpunguza. Ilitujia tu kalamuni, na ndiyo maana naihofia.

Tangu hapo, nikipewa kazi ya wasifu, naanza na watu watatu kabla ya familia kunitumia chochote: mtu aliyefanya naye kazi, mtu aliyehudumiwa naye asiye ndugu, na mtu aliyegombana naye. Kisha naomba kuiona Biblia yake au kitabu chake cha nyimbo, kama familia inaruhusu, na ninakifungua mbele yao. Usiku mmoja unatosha kwa simu tatu.

Nesi mwenzake aliniandikia kurasa mbili za kazi ya Mama Mkunga kwa mkono wake, nikaziongeza kwenye wasifu. Tukachapa nakala tatu tu. Moja iko kwenye faili la usharika, ya pili kituo cha afya. Ya tatu binti mkubwa aliikunja, akaiweka ndani ya Biblia kwenye ukurasa ule wa mistari sita, akaifunga Biblia katika kitenge cha mama cha Idara ya Wanawake, akaipeleka gereji.